Mama Pasi na Swali la Tano

Kuna mama mmoja ambaye kwa miaka mingi alishindwa kila siku ya kazi, mchana kweupe, mbele ya kamera, na hakuna aliyemwonea huruma, kwa sababu kushindwa kulikuwa sehemu ya kazi yake. Kazi yenyewe hasa ilikuwa mavazi. Alikuwa na chumba kidogo nyuma ya studio ya televisheni, chumba kisicho na dirisha, chenye meza ya kupigia pasi, cherehani na bomba refu la kutundikia suti za mtangazaji wa shindano la maswali. Alizinyoosha suti hizo, akakaza vifungo vilivyolegea, akasugua poda ya uso iliyoganda kwenye kola. Wenzake walimwita Mama Pasi, na jina likamganda hata mlinzi wa getini hakujua kama analo jingine.

Kiti cha mshiriki alikipata kwa bahati tu, kama ni bahati. Kabla ya kurekodi, watu wa studio hufanya mazoezi ili taa zipangwe na mtangazaji alainishe ulimi, na lazima mtu akae mahali pa mshiriki, maana ukipanga taa juu ya kiti kitupu, mshiriki akija anaonekana hana kichwa. Siku moja aliyezoea kukaa hakufika. Mama Pasi alikuwa akijipitia zake na koti mkononi. Mwongozaji wa kipindi, bwana mwenye sauti kubwa na subira ndogo, akamwita: "Mama, hebu kaa hapo kidogo." Hicho kidogo kilimchukua mpaka mvi zikaota.

Mazoezini walitumia maswali ya zamani, yaliyokwisha kuulizwa hewani. Mama Pasi aliruhusiwa kujibu anavyojua mpaka la nne. La tano alitakiwa akosee. Huo haukuwa uonevu, na yeye mwenyewe alielewa. Washiriki wengi huangukia hapo, na mtu akianguka kuna mambo mengi ya kufanyika kwa pamoja: taa zigeuke nyekundu, muziki ushuke, mtangazaji azunguke meza, aweke mkono nyuma ya kiti, aseme maneno ya kumuaga mshindwa. Kumpongeza mtu hakuhitaji mazoezi. Kumuaga aliyeshindwa ndiko kunakotaka ustadi.

Basi kila mchana ikawa vilevile. Mtangazaji anauliza la tano. Mama Pasi anatoa jibu la uongo. Mtangazaji anauliza, "Una uhakika?" maana sheria ya shindano ni kwamba jibu halihesabiki mpaka useme una uhakika. Mama Pasi anasema, "Nina uhakika." Taa zinakuwa nyekundu. "Pole, dada yangu, umekosea. Tunashukuru kwa kuja." Kisha anateremka, anarudi kwenye pasi yake.

Mwanzoni kuna siku moja alisahau. Waliuliza jambo alilolijua kama anavyojua jina la mama yake, jibu likamtoka. Fundi wa taa, ambaye mkono wake ulishazoea, akawasha nyekundu. Mtangazaji naye akazunguka meza akamwambia pole, umekosea. Mama Pasi akasema, "Lakini nimepata." Mwongozaji akapaza sauti kutoka gizani: "Mama, tusipoteze muda! Sisi hapa tunafanyia mazoezi kukosea!" Watu wakacheka, naye akacheka nao. Hakurudia tena.

Sasa, mtu atasema maneno ya mazoezi ni maneno tu, yanaingia huku yanatokea kule. Mimi siamini. Mwambie mtu amekosea kila siku, umwambie kwa upole na mkono nyuma ya kiti, uone kama neno hilo halitamwingia. Mama Pasi alianza kuliweka mbele ya kila sentensi: "Labda nakosea, lakini..." Alisema hivyo kwa mwenye duka na kwa daktari. Alisema hivyo kwa wanawe mwenyewe, juu ya siku walizozaliwa! Siku moja mpita njia alimuuliza posta iko wapi. Akamwonesha vizuri kabisa, kisha akaongeza, "Lakini usinisikilize sana mimi, bwana, uliza na mwingine." Yule bwana akauliza mwingine, akaelekezwa kinyume, akaenda zake. Mama Pasi alisimama akimtazama akiyoyoma na hakumwita, na jambo hilo lilimuuma kwa muda mrefu.

Aliyemtia kiherehere ni mumewe. Mumewe alikuwa fundi friji, mtu wa maneno machache na maswali mengi, na shindano hilo hawakulikosa. Walikaa wawili kwenye kochi, miguu ya bwana juu ya kisanduku chake cha vifaa, mama akijibu kila swali kwa sauti ndogo kabla ya mshiriki kufungua mdomo. Mara nyingine alipata, mara nyingine hakujua, lakini mumewe hakuwa akihesabu.

"Hivi mke wangu," alimuuliza siku moja, "siku wakikuacha ujibu unavyojua, utafika wapi?"

"Sijui."

"Hujui jibu, au hujui utafika wapi?"

"Sijui nitafika wapi. Sijawahi kuachwa."

Tangu hapo swali hilo halikumtoka. Zawadi hakuitamani, wala kuonekana, maana watu wa televisheni aliwaona vya kutosha, tena wakiwa na fulana za ndani tu. Alitaka kujua hilo moja: mwisho wake uko wapi, ule wa kwake, si ule aliopangiwa. Alilitaka hasa, hata akaona haya kulisema.

Wafanyakazi wa kituo hawakuruhusiwa kushiriki, na ni haki. Akangoja. Alipostaafu sheria bado ilimtaka akae nje kwa muda, akakaa, akiwashonea majirani sare za shule. Muda ulipotimia akapiga simu ya usaili kama mtu mwingine yeyote. Aliulizwa maswali na msichana asiyemjua, akapita. Mumewe alipoambiwa akaweka bisibisi chini, akasema, "Ala!" Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ya kurekodi alivaa gauni la buluu alilolinyoosha mwenyewe. Chumba chake cha zamani kilikuwa na dada mwingine, mchangamfu, aliyetaka kumweka sawa kola. Mama Pasi alijitahidi kunyamaza, akashindwa. "Mwanangu, pasi yako ina moto mno, tazama kola ya suti ile inavyong'aa." Halafu, haraka: "Labda nakosea." Dada akapunguza moto, akasema ahsante.

Mtangazaji alikuwa yuleyule, kazidi kitambi kidogo. Alipomwona akifungua mlango wa kuingilia washiriki alimkumbatia, kisha akarudi nyuma hatua, akakumbuka yuko kazini. "Leo sikusaidii, Mama Pasi," alisema.

"Hujawahi kunisaidia," akajibu, na wote wawili wakacheka.

Akakaa. Kiti kilikuwa kilekile, lakini gizani, pale palipokuwa karibu patupu wakati wa mazoezi, palijaa watu, na safu ya mbele alikuwapo mumewe amevaa shati lenye mikono mirefu. Swali la kwanza likapita, la pili likapita. La tatu alifikiri kidogo, akapata. La nne akapata, watu wakapiga makofi, na mama akaona anafurahi kupita kiasi, kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni.

"Swali la tano," alisema mtangazaji. "Uzi wa kitambaa cha hariri hutoka kwa kiumbe gani: nyuki, buibui, kiwavi wa nondo, au mchwa?"

Mumewe kule mbele alitabasamu waziwazi. Mwanamke aliyeshona maisha yake yote kuulizwa habari ya hariri! Ni kama yeye fundi aulizwe barafu inatokana na nini. Tai alizonyoosha mama kwa kuweka kitambaa chenye maji kati yake na pasi, zile za mtangazaji huyuhuyu, zilikuwa za nini kama si za hariri? Alijua kiwavi anavyojifunga ndani ya uzi wake, alijua na anavyochemshwa, maskini.

"Buibui," alisema Mama Pasi.

Lilitoka lenyewe, jepesi, kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani. Taa zilikuwa usoni, sauti ni ileile, swali ni la tano, na mdomo wake ukafanya uliofundishwa. Mumewe akashika kichwa. Mama mwenyewe alichelewa kuelewa amesema nini.

Mtangazaji akamtazama. Hakuna mtu pale aliyejua kuliko yeye kilichotokea. Sheria ilimruhusu maneno mawili tu, na ilimkataza hata kukunja uso. Akayasema polepole.

"Una uhakika?"

Kwa miaka yote ile jibu la hapo lilikuwa moja. Lilikuwa tayari ulimini. Mama Pasi aliuma midomo akalizuia, na huko gizani mtu akakohoa, na mtangazaji akasubiri, naye bado akalizuia. Alimwona fundi wa taa juu ya jukwaa lake, mkono umeshafika kwenye swichi.

"Hapana," alisema hatimaye. "Sina uhakika. Ngoja kwanza. Niliyoyasema ni ya mazoezini. Jibu langu ni kiwavi."

"Kiwavi wa nondo. Una uhakika?"

"Nina uhakika. Na wewe mzee pale juu, toa mkono hapo!"

Studio nzima ililipuka kwa kicheko, na katika kelele hizo mtangazaji alisema, "Umepata," kisha, kwa vile alikuwa ameyatamka maneno hayo kama mtu aliyevaa kiatu kisicho chake, akayarudia: "Umepata, dada yangu. Umepata." Mama Pasi alifuta macho kwa upande wa kiganja. Alilia kwa sababu alikuwa na furaha na kwa sababu alikuwa na hasira; miaka mingi ilikuwa imempita kwenye kiti kile, na hakuona sababu ya kuyaficha machozi.

Likaja la sita. Swali la sita hakuwahi kulisikia kutoka kwenye kiti kile, hakujua hata taa zake zina rangi gani. Zilikuwa za manjano.

"Mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa binadamu uko wapi: mguuni, mkononi, puani, au sikioni?"

Aliutafuta moyoni, hakuupata. Akautafuta tena. Aliangalia vidole vyake, akafikiria vile vya miguuni, kile cha mwisho kisicho na kazi ila kugonga miguu ya meza. Alifikiri kwa bidii na kwa raha, bila mtu nyuma yake wa kumwambia nini cha kusema.

"Mguuni," alisema. "Na nina uhakika wa kadiri. Lakini nina."

Taa zikawa nyekundu, muziki ukashuka. Mtangazaji akazunguka meza, akaweka mkono nyuma ya kiti. Alikuwa amewaaga watu wengi sana, na hakuwahi kuonekana mwenye huzuni kama alivyoonekana sasa. "Pole, dada yangu," alisema. "Umekosea."

"Kweli?" alisema Mama Pasi, akageuka mzima mzima kwenye kiti, akamshika mtangazaji mkono wa suti. Uso ulikuwa unamng'aa. "Kumbe ni wapi?"

Mtangazaji akababaika. Ndani ya mazoezi yao yote hakuwahi kumwambia jibu sahihi, kwa kuwa mama hakuwahi kuwa na haja ya kuambiwa.

"Sikioni," alisema.

Mama Pasi akapeleka vidole sikioni, akapapasa taratibu nyuma yake na mbele yake, watu wote wakimtazama, na mumewe amesimama.

"Basi hilo," alisema, "nilikuwa silijui."