Beberu Aliyekataa Kubatizwa

Juzi sokoni Tseikuru niliona mbuzi amegoma kupanda lori, nikacheka peke yangu. Alinikumbusha alasiri ile mwalimu wa sande skuli alipotufundisha kwamba siku ya mwisho kondoo watakwenda kulia, na mbuzi kushoto, motoni. Kwetu hatukuwa na kondoo hata mmoja.

Nilikimbia nyumbani, nikachota maji, nikaanza kuwabatiza mbuzi wetu. Zizi lilinuka manyoya mabichi na samadi. Wote walivumilia isipokuwa beberu mwekundu, aliyeruka ua wa miiba akatokomea vichakani.

"Susu, huyo ataungua!" nilimlilia nyanya yangu.

Susu alicheka mpaka leso ikamwanguka. Jioni ilipoingia hakuziba mlango wa zizi kwa tawi la miiba kama kawaida. Aliweka kigoda pale mlangoni, akakaa, akawa anamwita beberu.

"Si umfuate na kamba?"

"Simburuti. Lakini mlango pia siufungi."

"Na fisi je?"

"Si ndio maana nimekaa hapa?"

Siku hizi nikisikia wahubiri wakibishana ni nani atakayebaki jehanamu, namkumbuka yule beberu akirudi kwa miguu yake, mkavu kabisa, na Susu akisogeza kigoda ampishe.