Kamba za Shangazi Kwenye Filamu ya Sisimizi

Nilimaliza shule ya usiku, na Kireno changu siku zile kilinyooka hata mbuzi wa mji wetu wa Palma walisimama kunisikiliza. Ndiyo maana, gesi ilipogunduliwa na wageni wakajaa kila kitanda cha mji, wapiga filamu za wadudu walinichukua niwe mkalimani wao. Walikuwa wanatafuta maji moto, wale sisimizi wekundu wa mikorosho wanaokuuma mpaka unamkumbuka babu ambaye hukuwahi kumwona.

Niliwapeleka kijiji cha Mute, kwa shangazi yangu. Shamba lake lilikuwa limeshawekewa alama: barabara ya kwenda kwenye kambi ya gesi ingepita katikati yake na mikorosho yote ingeng'olewa. Shangazi hakuwa na picha hata moja ya miti ile. Alikubali kabla sijamaliza kueleza.

"Lakini wazipige picha na kamba zangu," akaniambia. "Bila kamba, mwanangu, hilo si shamba langu."

Kwetu maji moto hutunzwa. Ndio wanaofukuza vile vijidudu vinavyonyonya machipukizi ya mikorosho na kuyakausha. Basi shangazi alifunga kamba kutoka mti hadi mti, sisimizi wavuke juu kwa juu bila kushuka chini kwa adui zao. Ukiinua macho mchana, ungeapa kamba zenyewe zinatembea.

Mkuu wa filamu aliinua macho, akakunja uso. "Zifunguliwe. Watazamaji wanataka pori."

"Chefe," nikamwita mkuu kwa Kireno, "hapa hakuna pori. Hapa kuna shangazi."

Akacheka, akanipiga begani. Shangazi alipokataa kulegeza hata fundo moja, waliomba kiota kimoja tu. Akawapa, akidhani kazi ndiyo inaanza.

Kazi ilifanyika chumbani, kwenye nyumba ya wageni. Walijaza majani kwenye sanduku la kioo, wakawaweka sisimizi kwenye friji katikati ya chupa za soda ili wapoe wasikimbie ovyo, kisha wakawamwagia siafu wapigane. Sauti ya miguu yao ilitoka kwenye karatasi ya biskuti iliyofikichwa mbele ya maikrofoni. Damu ilinichemka, ungeweza kupikia wali.

"Kwa nini mnawapiganisha?"

"Ndivyo wanavyoishi porini."

"Chefe, siafu hawa mmewaokota nyuma ya choo!"

Kila asubuhi nilimwomba turudi Mute, tupige zile kamba hata kidogo. Kila asubuhi alisema kesho. Kesho hiyo wakapanda ndege, na baada yao zikaja mashine za kung'oa miti.

Filamu ilipoonyeshwa, shangazi alikuja kwenye mkahawa wenye televisheni amevaa kanga za Idi, na nusu ya Mute nyuma yake. Nikawa natafsiri: "Msimuliaji anasema huu ni msitu ambao binadamu hajawahi kuukanyaga."

"Na mimi nilikuwa nakanyaga nini?" shangazi akauliza.

Watu walicheka mpaka vikombe vikacheza. Yeye hakucheka. Alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo, akitafuta. Sisimizi wakakatana vichwa, muziki ukanguruma, majina yakaanza kupanda. Watu wakadai mpira. Mwenye mkahawa akanyoosha mkono kubadilisha.

"Ngoja kwanza, baba," shangazi akamzuia. "Huenda miti wameiweka mwisho."

Tukangoja mpaka likaja tangazo la sabuni.