Nusu Moja ya Uwanja

Shangazi yangu Arlys Meints alicheza mpira wa kikapu miaka minne katika shule ya Bredahl, akafika hadi mashindano ya jimbo zima kule Des Moines, mji mkuu wetu, na katika miaka yote hiyo hakufunga hata mara moja. Si kwamba hakuwa na shabaha. Hakuruhusiwa. Siku zile wasichana wa Iowa walicheza sita kwa sita, na uwanja uligawanywa na mstari wa katikati. Wafungaji watatu walikaa upande huu, walinzi watatu upande ule, na kuvuka ilikuwa marufuku. Mlinzi akipokonya mpira, aliufikisha kwenye mstari, akampa mfungaji wake, kisha akasimama pale pale kuwatazama wenzake wakimalizia kazi.

Mfungaji wa shangazi alikuwa LaVonne Kruse. Mashamba ya wazazi wao yalipakana, na walikuwa wakirushiana mpira ghalani kabla hawajajua kusoma. Picha yao ilitundikwa kwenye mgahawa wa Bredahl hadi mgahawa wenyewe ulipofungwa. LaVonne yuko hewani, mpira umeshamtoka mkononi, nywele zimesimama. Nyuma kabisa, upande wa pili wa mstari, yuko msichana mwembamba ameinua uso, anangoja. Wageni waliuliza jina la yule aliyeruka.

LaVonne aliolewa Corland, mji jirani uliotuzidi ukubwa, na muuza matrekta aliyependa siasa kuliko matrekta. LaVonne mwenyewe akawa mbunge wa jimbo mapema, akiwa bado kijana. Shangazi aliolewa na Gerhard Meints, mtu wa mahindi na nguruwe na maneno machache, na angebaki na nguruwe wake laiti wazee wa chama wasingekuja jikoni kwake msimu mmoja wa kupukuchua mahindi.

"Tunataka jina ambalo watu wanalijua," alisema Harm Siefken, muuza mbegu.

"Jina wanalolijua ni la LaVonne."

"LaVonne ni wa Corland sasa. Sisi tunataka mtu wa kumganda yule bwana wa upande wa pili kama kupe. Mama yangu bado anasema kuna msichana mmoja uliyemkaba mwaka ule, mpaka leo akisikia jina lako anashika mbavu."

Shangazi aliendelea kumenya viazi. "Na nikishinda, nitakwenda kusema nini huko bungeni?"

"Husemi kitu. Unazuia."

Basi akashinda, na akazuia. Kila Januari alifunga sanduku lake, akamwachia Gerhard sufuria za chakula kilichogandishwa, akaenda Des Moines, akarudi mahindi yanapopandwa. Walimweka kwenye kamati ya elimu. Bungeni kwetu kuna Ijumaa moja mwishoni mwa majira ya baridi ambayo wenyewe huiita faneli: mswada usiopita kamati kabla ya Ijumaa hiyo umekufa, hadi mwaka mwingine. Shangazi aliielewa faneli kwa namna watu waliosoma sheria hawakuielewa. Karibu kila mwaka mtu wa mjini alileta mswada wa kuunganisha shule ndogo na kubwa, na kila mwaka shangazi aliuliza swali moja la upole, kisha jingine. Aliomba takwimu za barabara wakati wa theluji. Takwimu zilipoletwa aliomba za madaraja. Ijumaa ilifika, mswada ukafa, na shangazi akarudi kwetu na keki ya karoti aliyonunua njiani.

"Umeua mingapi safari hii, Arlys?" wanaume wa mgahawani walimuuliza, huku wakitikisa dadu kuona nani atalipia kahawa.

"Sijaua. Imezeeka tu mikononi mwangu."

Nilikuwa mtoto wa shule hiyo aliyokuwa akiilinda. Tulikuwa wachache, na kila mwaka tulipungua, kwa sababu miaka ile mabenki yalikuwa yakiwanyang'anya watu mashamba, na shamba likiuzwa, watoto wanaondoka nalo. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi tisa. Siku ya Alhamisi wapishi walitupa maharage ya nyama ya kusaga na maandazi ya mdalasini, na harufu ile ilifika hadi ofisi ya posta. Mji ulikuwa na kanisa, ghala la nafaka la ushirika, mgahawa na shule. Kila mtu alijua shule ikitoka, vingine vitafuata.

Mwishowe maji yalizidi unga. Sheria ya fedha ilibadilishwa kwa mlango mwingine, kupitia kamati nyingine ambayo shangazi hakuwamo, na shule ndogo zikapewa miaka miwili ziungane na kubwa au zifungwe. Kuzuia hakukusaidia tena. Safari hii ilibidi mtu alete mswada wake mwenyewe na kuupitisha.

Shangazi aliuandika. Alikaa nao majira yote ya kiangazi, kwenye meza ya jikoni, kati ya mitungi ya matango. Shule ndogo zilizo tayari kugawana walimu na jirani zao ziruhusiwe kubaki: ndiyo ilikuwa roho yake, na ulikuwa mswada mzuri. Hata wa upande wa pili walisema hivyo. Januari ulipita kamati kabla ya faneli. Ikabaki kumteua msimamizi, yaani mbunge wa kusimama na mswada mbele ya bunge zima, kuutetea, na kusema ndiyo au hapana kila mtu anapotaka kuubadilisha.

Jumapili moja alikuja kwetu kula chakula cha mchana. Baba yangu, Duane, ni mdogo wake.

"Dada, mwenye mswada ni wewe," baba alisema. "Simama nao."

"Nitampa LaVonne."

"Kwa nini?"

"Anajua kusema. Wakimwona wanatabasamu kabla hajafungua mdomo. Mimi nikisimama wanatoka kwenda kunywa kahawa."

"LaVonne ni wa Corland."

"LaVonne ni wa Bredahl, Duane. Alizaliwa hapo ng'ambo ya mtaro. Unaweza kuona bomba la moshi la nyumba yao kutoka dirishani kwako."

"Naliona. Naona pia kwamba Corland nao wanapungukiwa na watoto."

Shangazi alipakaa siagi kwenye mkate wake mpaka pembezoni, kama afanyavyo mtu asiyetaka kuinua macho. "Sijawahi kumpa mpira akaupoteza," alisema. Na hilo lilikuwa kweli.

Mwalimu wetu alitupeleka Des Moines siku ya kura. Tulikaa kwenye roshani ya wageni juu ya ukumbi, wote tisa, tumevaa majaketi ya shule ya rangi ya kijani na nyeupe. Chini yetu shangazi alikuwa amekaa safu ya nyuma, na LaVonne safu ya mbele, katika suti nyekundu. LaVonne aliposimama ukumbi ulitulia wenyewe. Alizungumza juu ya barabara za theluji, juu ya watoto wanaoamka gizani kungojea basi, juu ya miji ambayo taa yake pekee usiku ni ya shule. Alitunyooshea mkono sisi kule juu. Wabunge waligeuka wakatupigia makofi, na mimi niliamini kabisa kwamba tumepona.

Kisha bwana mmoja wa mjini alisimama na kuleta marekebisho ya sentensi moja. Ruhusa hiyo wapewe tu wenye wanafunzi mia mbili au zaidi. Corland walikuwa nao mia mbili na kidogo. Sisi hatukufika hata mia.

Spika alimuuliza msimamizi wa mswada kama anayakubali marekebisho.

LaVonne alipanga karatasi zake. "Nayakubali, Mheshimiwa Spika."

Kila mbunge ana kitufe mezani cha kuomba kusema. Ukikibonyeza taa inawaka. Tuliinama wote juu ya ukingo kuitazama meza ya shangazi.

"Mbona hawashi taa?" alininong'oneza binti wa Siefken.

"Atawasha."

Mkono wake ulikuwa kando ya kitufe. Hakuwa akikitazama. Alikuwa amemwinulia uso LaVonne, mgongo wake mwekundu, anangoja ageuke, kama kwamba hili lilikuwa sehemu ya mchezo na sasa hivi lingefuata jambo ambalo LaVonne pekee alilijua. LaVonne hakugeuka. Marekebisho yakapita. Kisha mswada mzima ukapigiwa kura, na kwenye ubao, mbele ya jina la Meints, ikawaka taa ya kijani, yaani ndiyo.

Tuliwakuta kwenye ngazi wakati mwalimu akituhesabu. Walikuwa wamesimama karibu karibu, na hawakutuona.

"Bila yale marekebisho ungekufa wote," LaVonne alisema. "Kura sikuwa nazo."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

Shangazi alishika ukingo wa ngazi.

"Zimepona shule kumi na mbili, Arlys. Na wewe umepiga kijani, kwa hiyo unajua."

"Corland imepona."

"Ndiyo, na Corland. Wale ndio walionichagua." LaVonne alikuwa na machozi, na hilo sikuwahi kuweza kulichukia vizuri. "Ulinipa mpira, nikaucheza nilivyoweza. Nani alikulazimisha unipe?"

Nyumbani hakuna aliyempigia kelele. Watu wetu hawapigi kelele. Wanaume wa mgahawani walitikisa dadu kama kawaida na kikombe chake kikawekwa mezani kama kawaida.

"Kijani," Harm Siefken alisema hatimaye.

"Zilikuwemo shule nyingine mle ndani, Harm."

"Hizo zina wabunge wao."

"Nyingine hazikuwa na mtu."

"Na sisi tulikuwa na nani?" Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei. "Umezuia watu miaka kumi na minne. Siku moja tu, mama, siku moja, ungewasha taa."

Alikunywa kahawa yake ikaisha, akafunga koti, akaondoka. Juni hiyo, kwenye kura za maoni, chama kilimpitisha kijana mmoja mfuga nguruwe ambaye hajawahi kuzuia wala kufunga kitu. Shangazi hakupiga debe. Jina lake liliwekwa tu kwenye karatasi ya kura, na watu wakalipita. LaVonne aliendelea bungeni miaka mingi, na barabara ya kuingia Corland ina jina lake.

Shule ya Bredahl ilifungwa mwaka uliofuata. Jengo lilinunuliwa na mtu wa mbegu kutoka mbali, akalijaza magunia. Mgahawa ulidumu miaka miwili baada ya hapo. Sisi tisa tulipanda basi kwenda Corland, ambako walitupokea vizuri, wakatupa majaketi mapya.

Niliingia timu yao ya wasichana, mlinzi, kama ilivyotarajiwa. Majira hayo Corland waliacha mchezo wa sita na kuanza wa watano, ule wa wavulana na wa dunia nzima, ambamo kila mtu anakimbia uwanja wote. Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi mchana, na shangazi alikuja. Tangu kura ile hakuwa ametia mguu Corland. Alikaa benchi la juu kabisa, mkoba magotini, peke yake. LaVonne alikuwa chini, mstari wa mbele, akisalimiana na watu.

Katika kipindi cha pili nilimpokonya mpira mchezaji wa timu pinzani, safi, bila kumgusa. Mbele yangu hapakuwa na mtu hata mmoja hadi kwenye kikapu. Nilikimbia nao mpaka katikati, na pale kwenye mstari nikasimama. Nilitafuta mtu wa kumpa. Hakukuwa na mtu, wote walikuwa nyuma yangu. Watu wa Corland wakaanza kucheka, kisha kupaza sauti: nenda nao, binti, nenda. Nilipoelewa, yule msichana alikuwa ameshaurudisha mpira wake.

Shangazi alinirudisha nyumbani kwa gari lake la shamba. Jua la baridi lilikuwa chini sana, limelala juu ya mabua ya mahindi, na theluji ilivuka barabara kwa mistari myembamba. Tulipita shuleni kwetu. Madirisha ya ukumbi wa michezo yalikuwa yamezibwa kwa mbao.

"Ulisimama," alisema.

"Nilisimama."

"Uliona kwamba njia ni nyeupe."

"Niliona, Shangazi. Miguu ilisimama yenyewe."

Tulifika kwenye geti letu. Alizima injini, jambo ambalo hakulifanya kamwe kama hakuwa anashuka, akabaki ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo," alisema. "Yenyewe."