Matokeo Niliyompelekea Baba

Leo nimefungua kasha la santuri za jazi, na harufu ya karatasi kuukuu imenirudisha Manyatta, chumbani kwa baba. Ugonjwa ulikuwa umemzuia kwenda uwanjani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeenda kuitazama timu yake ya mpira wa kikapu ikicheza fainali. Tulifungwa. Nilimkuta akisikiliza saksafoni, macho ameyafumba.

"Niambie, tumefanyaje?"

"Tumeshinda, baba."

Akatabasamu, akaniomba niigeuze santuri. Kabla upande wa pili haujaisha, jirani yetu akaingia.

"Pole, mwalimu. Leo wametufunga vibaya."

Baba akanishika mkono. "Najua," akamjibu. "Binti yangu ameshaniambia."

Tulimzika wiki iliyofuata. Sikuwahi kumwomba msamaha.