Kwaya Iliyokuwa Ndani ya King'amuzi

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, kwenye kibanda changu hapa Dongobesh, na sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia kuna mtu lazima aniulize kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula, ugali na maharage, na ilikuwa mchana.

Mimi ni fundi wa madishi. Ndiyo, mwanamke, na juu ya bati napanda mwenyewe, kwa hiyo kama unataka kushangaa, shangaa haraka tuendelee. Kazi inayoniletea wateja wengi miaka hii ni kufufua ving'amuzi vya kulipia. Wapo watu walionunua vile vikubwa, vyenye diski ya kurekodi ndani, wakaona wameula. Kisha kifurushi kikawashinda, kifaa kikabaki sebuleni kimefunikwa kitambaa. Wananiletea. Natoa kadi, nairudisha mashine ilivyotoka kiwandani, nageuza dishi kwenye setilaiti yenye chaneli za bure, naingiza masafa kwa mkono, na mtu anapata habari zake na mahubiri yake bila kulipia chochote. Nilikuwa najivunia sana kazi hiyo.

Mwezi wa sita mwaka huu Danieli, mwalimu anayefundisha Endagikot, aliniletea king'amuzi cha nyumbani kwao Bashay. Akaniambia, "Fundi, baba ametutoka, na mama yuko peke yake. Nyumba imekuwa kimya mno. Kifanye kishike hata chaneli za bure, asikie sauti za watu."

Nikampa pole, nikakipokea. Nikamwambia nitakipeleka mwenyewe watakapotoka metimani, maana dishi lazima nikaligeuze huko huko.

Kama wewe si mtu wa huku, ngoja nikueleze. Sisi Wairaqw, msiba ukiingia nyumbani, watu wa nyumba ile wanakaa kando kwa muda. Hawaingii kwa wengine, hawapeani mkono, hawanywi kikombe kimoja na jirani. Hiyo ndiyo metimani. Siku hizi kanisa limetulegeza, na Danieli ni msomi, hayamsumbui. Lakini wazee wengi bado wanaishika, na mimi nimelelewa na bibi, nikimwona mtu aliye kwenye metimani miguu yangu inarudi nyuma yenyewe. Hilo likumbuke, kwa sababu ndilo lililonipoteza.

Siku niliyokifungua kile king'amuzi ukungu ulikuwa umeshuka. Si ule wa asubuhi unaopanda jua likitoka. Huu ulishuka baada ya chakula cha mchana ukafunika hadi duka la ng'ambo ya barabara. Nimeinama kwenye meza yangu, nikahisi mtu amesimama mlangoni. Nikainua kichwa. Alikuwa mzee, mrefu, jicho la kushoto jeupe. Amevaa sweta ya bluu ya kufumwa kwa mkono, na aliyeifuma alikosea, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine hadi umefunika vidole.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Nikamvutia stuli, akatikisa kichwa. Hakuvuka kizingiti. Basi nikaelewa, au niliona nimeelewa: huyu ni mfiwa, ni ndugu wa marehemu wa Bashay, yuko kwenye metimani, ndiyo maana anakaa mbali. Kwa hiyo sikumsogelea. Sikumuuliza jina wala anatoka kwa nani, maana mtu wa namna hiyo humwekei mazungumzo. Niambie, wewe ungejua?

Akasema, "Binti, hicho ni cha Bashay."

"Ndiyo, mzee. Cha kina mwalimu Danieli."

"Kuna kwaya humo ndani. Paskalina anaimba. Hiyo usiifute."

Alisema taratibu sana. Paskalina ni nani sikuuliza. Nilichokuwa nafikiria ni kwamba akiendelea kusimama pale mlangoni, wateja wangu wakamwona hivyo alivyo, watapita moja kwa moja. Nilitaka aondoke.

Nikamwambia, "Nimesikia, mzee. Sitaifuta."

"Hutaifuta?"

"Sitaifuta. Nenda kwa amani."

Akashusha pumzi, ile ya mtu aliyetua mzigo, akageuka. Hatua zake kwenye changarawe sikuzisikia, lakini ndani redio ilikuwa inaimba, sikulitilia maanani.

Sasa nitakwambia nilichofanya, na sitajipamba. Kulinda rekodi kwenye mashine ya aina ile unafungua kifuniko, unaichomoa diski, unaiweka pembeni, halafu ndipo unairudisha mashine ilivyotoka kiwandani. Ni skrubu chache tu. Lakini zina kichwa cha nyota, bisibisi yake nilikuwa nimemwazima fundi simu wa jirani, na uvivu wa kutoka kwenye baridi kuifuata ukanishika. Nikajiambia rekodi za kulipia zimefungwa, bila kifurushi hazifunguki, kwa hiyo hata nikiiacha hakuna atakayeiona. Sikujaribu kuifungua nione. Simu ilikuwa mezani na namba ya Danieli ninayo, sikupiga. Mashine ikauliza kwenye skrini kama nina uhakika wa kufuta vyote. Nikabonyeza ndiyo, nikaenda kuchemsha chai.

Walipotoka metimani nikapanda Bashay. Mama Danieli ni mama mpole, mwembamba. Alinipa kikombe cha maziwa kabla hata sijashusha begi la vifaa. Niligeuza dishi, nikatafuta mawimbi, picha ikaja safi kabisa. Nikamwita aje aone. Nilikuwa nimefurahi, nataka kusifiwa.

Akachukua rimoti. Chaneli hakuzitazama. Akaenda moja kwa moja mahali pa rekodi, kidole kinajua njia, akakuta patupu. Akarudi nyuma, akaingia tena. Kisha akaniuliza kwa upole tu, "Paskalina umemweka wapi, mwanangu?"

Nikaanza kubwabwaja kwamba zile rekodi hazifunguki bila kulipia.

"Ilikuwa inafunguka," akasema. "Nilimwangalia jioni ile kabla Danieli hajakichukua."

Akanieleza. Paskalina alikuwa binti yao wa mwisho. Kwaya yao ya parokia ilipigwa picha na televisheni moja ya dini, ikarushwa Jumapili moja, na baba yake akairekodi. Binti aliimba beti mbili peke yake, mbele ya wenzake. Baadaye aliugua akafa. Picha zake za karatasi wanazo, lakini sauti yake haikuwa popote pengine. Baba yake aliiwasha kila jioni mpaka naye akalala kitandani hakuinuka. Danieli anaishi mbali, hakujua. Alikichukua kwa nia njema, na mama hakumkatalia kwa sababu alijua kitarudi na vyote vilivyomo.

Nilitaka ardhi inimeze. Na nikiwa natafuta wa kugawana naye lawama, ulimi ukateleza. "Ni kweli mzee wenu alikuja kuniambia."

"Mzee yupi?"

Nikamweleza yule ndugu yao, jicho jeupe, sweta ya bluu yenye mkono mrefu.

Mama Danieli akakaa chini. "Hiyo sweta Paskalina alimfumia baba yake akiwa anajifunza," akasema. "Tulimzika nayo."

Niamini, hapo sikuogopa kama unavyodhani. Woga ulikuja baadaye, njiani. Pale nilikuwa naogopa swali moja tu, na yeye akaliuliza. "Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia sitaifuta."

Nilingoja anifukuze. Nilitamani anifukuze. Akanifunika mkono kwa mkono wake. "Basi ameondoka akijua ipo. Akirudi, mwanangu, usimwambie kuwa imefutika. Mwambie ipo."

Na alirudi. Ilikuwa mwezi wa saba, ukungu wa namna ile ile, mchana. Nilimwona mlangoni, na safari hii nilijua ninamtazama nani, bisibisi ikaniponyoka. Hakuwa na ukali wowote usoni.

"Mama Danieli huwa anaiwasha?" akauliza.

"Kila jioni, mzee."

"Anaimba vizuri, eh?"

"Anaimba vizuri sana, mzee," nikasema, mimi ambaye sauti ile sijawahi kuisikia na sitaisikia.

Akatabasamu, akaondoka. Hajaonekana tena. Diski niliipeleka kwa mtu mmoja Babati anayesifika kwa kurudisha vilivyofutwa, akahangaika nayo, akanirudishia, hakuna kitu. Bashay naenda mara kwa mara. Namkuta Mama Danieli mbele ya zile chaneli zangu za bure, anahama kwaya moja hadi nyingine, huenda siku moja wakairudia ile ya Paskalina. Haniulizi kitu. Ananiwekea maziwa, nami nayanywa.

Wewe unayenisikiliza, kifaa cha mtu kikifika mkononi mwako, uliza ndani yake kuna nani kabla hujabonyeza. Na mtu akisimama mlangoni kwako akakuomba kitu, usimpe ndiyo ya kumwondoa tu. Mimi niliitoa kirahisi, na leo yuko mzee amelala kwa amani juu ya uongo wangu, na mjane wake ananiomba nisimwamshe.