Baukje Avuka kwa Chelezo

Baukje Postma alishona matanga ya mashua kwa zaidi ya miaka thelathini, wala hakuwahi kupanda mashua hata moja. Kwa watu wa Friesland, jimbo la Uholanzi lililojaa maji, ambako mtoto hujua kupiga kasia kabla hajajua kufunga kamba za viatu, hicho kilikuwa kichekesho. Wenzake karakanani walimtania mpaka wakachoka. Yeye aliwajibu kwamba mawimbi humchafua tumbo, akainamia cherehani yake, na maneno yakaishia hapo.

Ukweli ni kwamba aliogopa maji, na si hofu ya mchezo. Alipokuwa na miaka minane, mwalimu wa kuogelea wa kijijini kwao alimfunga kamba kiunoni akamshusha mferejini kama ndoo, mwenyewe amesimama ukingoni na koti lake kavu. Maji ya mwezi wa Mei, baridi ya kukata mifupa. Kamba ikalegea, Baukje akazama, magugu yakamzonga miguu. Alipoopolewa alikimbia mpaka nyumbani akichuruzika, na hakurudi tena. Cheti cha kuogelea, ambacho kwao kila mtoto hukipata, yeye hakukipata. Miaka ikapita, akaja kijana mmoja dereva wa lori la maziwa, Gosse, mcheshi, mwenye mabega mapana, akamwuliza kwa utani kama anajua kuogelea. "Kwani mimi nimezaliwa wapi?" akajibu Baukje. Wakaoana, na uongo ule ukahamia nao nyumba mpya.

Gosse alipostaafu alinunua gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda, jiko na mapazia ya maua, akatundika baiskeli mbili nyuma yake. Kiangazi hicho walizunguka maziwa na mifereji, na kila walipoegesha palikuwa kando ya maji. Tuseme haki, mengi Baukje aliyapenda: kahawa ya asubuhi mlangoni, mkate mweusi na jibini, baiskeli yake ya betri iliyompandisha matuta ya kuzuia maji bila kuhema. Lakini njia zenyewe! Kijia chembamba cha lami, mfereji kushoto, mfereji kulia, na upepo wa ubavuni usio na adabu hata chembe. Alikuwa akikaza usukani mpaka viganja vinamuuma, macho hayabanduki kwenye koti la Gosse aliyetangulia. Jioni alisema safari ilikuwa nzuri.

Kilichomtisha kuliko vyote ni vile vyelezo. Kuna mahali njia ya baiskeli hukatwa na mfereji, daraja hakuna, mvushaji hakuna. Kuna chelezo cha mbao tu kilichoshikwa na mnyororo, nawe unazungusha gurudumu mwenyewe mpaka ng'ambo. Gosse alivipenda kama mtoto anavyopenda bembea. Baukje yeye alizunguka kwa darajani, hata kama daraja liko mbali namna gani, eti ananyoosha miguu.

Jumatatu moja, mvua ikiwa imetoka kukatika, walifika kwenye chelezo cha namna hiyo. Watu wa mwisho wa wiki walikuwa wamekwisha rudi makwao, na mferejini hapakuwa na mashua hata moja.

"Haya bibie, leo unapanda," alisema Gosse. "Zamu yako kuzungusha."

"Nizungushe nini? Mimi napita darajani."

"Mvua inarudi, wewe. Hebu panda. Nikidondoka utaniopoa."

"Nikuopoe na kitambi hicho? Labda niite kreni."

Gosse alicheka, akasukuma baiskeli yake juu ya mbao. "Basi simama hapo mpaka nifike. Kila siku nakwambia, mtu havuki bila watazamaji."

Baukje akasimama, kama alivyosimama kila mara. Gosse akazungusha huku akipiga mluzi, akafika, akafungua kizuizi, akaanza kuisukuma baiskeli kwenye gati lililoinamia majini. Mbao zilikuwa zimelowa, zimejaa kinyesi cha bata. Mguu ukateleza. Baiskeli ikamwangukia, kichwa kikagonga nguzo, na mlio wake Baukje aliusikia mpaka huku.

"Gosse!"

Alikuwa amelala chali, miguu imo majini, baiskeli juu yake.

"Gosse, acha mchezo! Sitaki mchezo!"

Ndipo alipoona kwamba anateremka. Polepole, uzito wa baiskeli ukimvuta, kiuno kikafuata miguu.

Alitoa simu, akakosea nambari ya dharura, yeye ambaye kaijua tangu ianze kutumika. Sauti ya mwanamke ikamwambia wauguzi wanakuja, lakini gari halifiki hapo, watamalizia kwa miguu.

"Mama, unaweza kumfikia? Kichwa kisiingie majini."

"Mimi niko ng'ambo ya pili."

"Hakuna njia?"

Baukje alikitazama chelezo. "Ipo," akasema.

Huku ukingoni pia palikuwa na gurudumu la kukirudishia. Alilizungusha kama mwenda wazimu, akilia kwa sauti, bila haya. Chelezo kilipogusa gati alinyanyua mguu mmoja, akauweka, mbao zikabonyea, akaurudisha. Akautazama tena ukingo wa pili: maji yalikuwa yamemfika Gosse kifuani. Akapiga moyo konde, akapanda, akaanguka kwa magoti, akalikumbatia gurudumu.

Alizungusha amefumba macho. Maji yalipiga vibao chini ya mbao, na kila kibao alidhani ndicho cha mwisho. Katikati gurudumu likakwama. Ikambidi afumbue macho, alale kifudifudi, aingize mkono majini mpaka begani, ang'oe magugu kwenye mnyororo. Yalikuwa yaleyale, laini, yenye kushika. Hofu ilimjaa hata akatapika, kisha akaendelea kung'oa.

Alipofika, kilichobaki juu ya maji ni uso wa Gosse na bega moja. Hakufikiri tena. Aliteremka hapohapo kando ya gati, tope likammeza miguu mpaka vigimbini, maji yakamfika kifuani, akapiga ukelele ambao hata bata waliruka. Lakini alisimama. Akaisukuma baiskeli, ikazama. Akaukamata ukosi wa koti la Gosse kwa mikono yote miwili, akamvuta mpaka kichwa kikalala juu ya ubao. Kumpandisha hakuweza. Akabaki amesimama vivyo hivyo, meno yakigongana.

Gosse akafumbua macho. Damu ilimtiririka sikioni. "Umepitia wapi?"

"Huoni?"

"Daraja..."

"Nyamaza na daraja lako. Gosse, mimi sijui kuogelea. Sikuwahi kujua. Nilikudanganya tangu siku ya kwanza."

Alingoja acheke. Gosse hakucheka. Alimkodolea macho, midomo ikamcheza, na Baukje akaona kwamba anaogopa.

"Hata mimi," akasema.

"Hata wewe nini?"

"Sijui. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe wa kukamua, baba hakuniachia hata siku moja. Nilikuwa navuka kwa sababu wewe umesimama pale. Nikajiambia, Baukje yupo, Baukje ataruka."

Baukje akaukaza ukosi wa koti.

"Siku ya Hinke," akasema Gosse.

"Usiseme."

Hinke ni binti yao. Alipokuwa na miaka minne aliteleza akatumbukia mfereji wa nyuma ya nyumba. Walitoka mbio wote wawili, wakafika ukingoni pamoja, wakasimama. Mtoto alizama, akaibuka, akazama tena, nao wamesimama. Jirani, mwanamke mwenye aproni na mikono yenye unga, ndiye aliyeruka. Jioni ile waliketi mezani, mtoto kavikwa sweta mbili, na hakuna aliyemwuliza mwenzake neno.

"Nilikuwa nakungoja wewe," alisema Gosse.

"Nami nilikuwa nakungoja wewe," akasema Baukje. "Nilikuchukia, Gosse. Mwaka mzima. Nakupikia, nakufulia, na nakuchukia."

"Najua. Mimi pia nilikuchukia."

Wakatazamana. Hofu ya chelezo haikuwa kitu mbele ya hii. Baukje aliuona ule mkono mdogo juu ya maji, na watu wazima wawili wakavu ukingoni, kila mmoja ana hakika mwenzake ataruka sasa hivi. Na kama jirani angekuwa ameenda sokoni? Aliwaza kiangazi chote kilichofuata baada ya hapo, mtoto akicheza majini huku wao wakinywa kahawa kwa raha.

Nyayo zilisikika kutoka kwenye matete. Wauguzi wawili walikuja wakikimbia na machela. Mmoja akaingia majini kwa nguo zake bila hata kuwaza, akapitisha mikono chini ya kwapa za Gosse.

"Tumeshampata, mama. Mwachie."

Baukje alisikia, akaelewa, akatikisa kichwa kukubali. Lakini vidole havikufunguka, ikabidi muuguzi wa pili avibandue kimoja kimoja.