Wimbi Lisiloliwa na Ndege

Juzi, kwenye agroveti moja, duka la mbegu na dawa za shamba, pale Kapsoit, mama mmoja aliweka suke la wimbi juu ya kaunta, akamkazia macho muuzaji.

"Hii mbegu yako iko na shida gani? Nimejenga kibanda ya kufukuza ndege, nimefunga mikebe kwa kamba, nimekaa huko wiki mzima. Hakuna hata chiriku moja imekuja."

"Mama, si ushukuru?"

"Nishukuru nini? Wimbi ndege imekataa, mimi nipikie watu?"

Muuzaji akacheka, akageuka kumtafutia mbegu nyingine. Mbele yake ikawa rafu ya dawa za kunyunyizia wadudu, imejaa hadi darini. Kicheko kikakatika.

Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimefuata dawa ya rafu hiyo hiyo. Niliinunua. Siku hizi naamka mapema kusikiliza shamba langu, na bado sijasikia ndege hata mmoja.